Kitambaa cha Manjano

Kolwezi, 14 Mei 1995

Tata Ngeleka mpendwa,

Nakusalimu wewe, Mama Ndaya na watoto, huko Mwene-Ditu. Kile kifua chako kimepona vumbi la mabehewa? Sisi tuko wazima. Mamie amejifungua msichana, na mimi nimeanza kuota mvi, usinicheke. Barua hii nampa Muteba wa reli, maana posta yetu unaijua.

Habari kubwa ni kwamba klabu ya wafanyakazi inataka kusimama tena. Tangu ninyi watu wa Kasai mfukuzwe huku kwetu ilikuwa aibu tupu. Unakumbuka kwenye kisanduku chako cha swichi ulifunga kila waya kipande cha kitenge cha Mama Ndaya: chekundu kwa antena, buluu kwa mashine ya kaseti, kijani kwa kamera ya kanisani, na cha manjano kwa ile swichi inayopeleka picha moja kwenye televisheni zote tano za klabu. Mlipoondoka, meneja Polycarpe aliamuru nivitoe, hataki alama ya Mkasai mle. Nikavitoa. Basi misa ikatokea baa, mpira ukatokea kwa akina mama wa kushona, na walevi wakawa wanapiga ishara ya msalaba na chupa mkononi. Nilicheka peke yangu, kwa kuwa wa kucheka naye hakuwepo.

Polycarpe amekwenda zake. Meneja mpya, Mama Odile, aliuliza nani alikijenga kisanduku hiki. Nilipomtajia jina lako alisema uitwe, kazi yako ipo. Barua yake yenye muhuri imo humu. Hata Tshilombo fundi viatu amerudi kutoka Kasai, na jirani zake wanamsalimia.

Lakini kabla hujafunga mizigo, sikia hili. Ile Jumapili ulikuwa barazani klabuni na watoto, mnatazama mpira, mara televisheni zote tano zikaonyesha ile hotuba ya kuwaita ninyi Wakasai wageni. Watu wakaacha karata, wakawageukia. Kesho yake waling'oa mlango wa nyumba yenu. Nilipokuletea bukari, ule ugali wetu, pale stesheni, wiki ya tatu mkingoja treni, ulinishika mkono ukasema: “Stany, mi najua, ni Polycarpe aligeuza ile swichi. We uko ndugu yangu.” Nikainamisha kichwa.

Hakuwa Polycarpe. Yeye alileta kaseti tu, swichi hakuijua. Alisema nikikataa nitapanda treni pamoja nanyi. Niliogopa, nikafuata kitambaa cha manjano, nikageuza. Naona haya, Tata. Miaka miwili nimeona haya.

Sasa nimevifunga vitambaa upya, kutoka kwenye kile kitenge ambacho Mama Ndaya alimwachia mke wangu Mamie. Chekundu, buluu, kijani. Cha manjano sikukifunga, nimekitia kwenye bahasha hii. Kama huwezi kunitazama, mpe Muteba kitambaa hicho anirudishie, nami nitaiacha kazi ili uje bila kunikuta. Mama Odile nimeshamwambia yote. Ila kila treni itakayoingia nitakuwa stesheni, na ninatumaini utashuka nacho mfukoni, uje ukifunge kwa mkono wako.

Mamie anamkumbatia Mama Ndaya. Mtoto wetu tumempa jina lake, Ndaya.

Ni mimi, mdogo wako kama bado unanikubali,

Kisimba Stany