Mjomba, Niliandika Masikio Yako Ni Mazima

Mjomba wangu mpendwa,

Nakuandikia kwa sababu simu haitusaidii tena, na haya si maneno ya kumpa mtu mwingine akupigie kelele sikioni. Tangu uhamie Ngara kwa binti yako, kila nikipita Gikondo kwenye karakana ya mabati ulikofanya kazi, nakuona umekaa mbele yangu kwenye kiti cha wagonjwa, ukijivunia kwamba daktari anayewapima wafanyakazi wote ni mtoto wa dada yako.

"Nipime vizuri, usinipendelee," ulikuwa ukinitania.

Nami nakuuliza, "Unanisikia, Mjomba?" Unajibu huku unacheka, ukirudia kwa lugha ya nyumbani, "Sana, cyane!" Basi naandika kwenye fomu: masikio mazima. Miaka mitano mfululizo niliandika hivyo, mashine za kukata mabati zikinguruma nyuma ya ukuta.

Kisha nikapelekwa kwenye mafunzo ya siku tatu ya madaktari wa afya kazini. Mkufunzi, mama mmoja mpole, alifunika mdomo kwa karatasi, akatamka neno. "Mgonjwa akilisikia hili, ndipo mseme anasikia. Wengi wao wanasoma midomo yenu."

Jioni ile nilikuja kwako Batsinda, kabla hujahama. Ulikuwa umeinama unamwagilia mboga, umenipa mgongo. Nilikuita. Nikakuita tena, kwa nguvu. Jirani akatoka nje, wewe hukugeuka. Ulipogeuka ukanikuta nalia, ukauliza, "Nani amefariki?"

Nilipokueleza, hukunikasirikia. Ulisema tu, "Nilijua siku nyingi. Niliogopa wataniondoa kazini, na niliogopa kukuaibisha."

Maneno hayo yananiuma hadi leo, kwa sababu aibu ilikuwa yangu. Nilisoma udaktari miaka mingi, lakini habari za kelele, vumbi na moshi wa kulehemu nilifundishwa asubuhi moja tu. Nikadhani inatosha.

Sasa napima kwa kifaa, kwenye chumba tulivu, asubuhi kabla watu hawajaingia kazini. Nilipoomba ruhusa ya kwenda mafunzoni kila mwaka, mkuu wetu aliniuliza, "Wewe si daktari tayari? Unasoma nini tena?" Nikamsimulia yaliyokupata. Akasaini. Mwezi uliopita nilimgundua mapema mama mmoja wa mashine ya kukata, masikio yake yakianza tu kudhoofika. Amehamishiwa upande wa kufunga mizigo, na bado anawasikia wanawe wakimwita kutoka uani. Masikio yako hayatarudi kuwa mazima, Mjomba, najua.

Mkufunzi yule ameniomba nizungumze na madaktari wapya mwezi ujao. Nataka kuwaeleza ile jioni ya Batsinda. Niandikie kama unaniruhusu kutaja jina lako. Ukikataa, nitalificha. Langu nitalitaja.

Mpwa wako anayekukumbuka,
Zuhura