Phare ya Mombasa na nyumba ya mukwe

Mombasa, asubuhi mbele ya kazi

Mama yangu mupendwa,

Wasingya kutsibu, asante sana kwa maombi yako. Mimi niko muzima, nimenona mpaka shati inalalamika. Na wewe? Goti linauma bado? Baridi ya Butembo inakuachia usingizi? Unijibu ukweli, usinijibu kama vile unajibu pasta.

Habari kubwa: mutoto wako alipanda phare. Ni munara murefu pembeni ya bahari, na taa kubwa kule juu, bazungu ba zamani walijenga kwa ajili ya meli. Tulienda siku ya Mungu ibada ikiisha, sisi Banande ba kanisa. Kwanza tulipitia ngome ya Bareno, nikakaa juu ya muzinga kama jenerali, foto iko. Tukakula muhogo ya kukaanga na pilipili na ndimu, kisha phare.

Unanijua: nilikuwa guide bila kuombwa. Nikaelezea batu kwamba taa ile inaita meli, kuja, huku kuko watu, chakula kiko tayari. Kwetu mutu akiona taa mulangoni, si anaingia? Mulinzi wa pale, muzee wa pwani, alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akasema polepole: "Hapana, ndugu. Hii inawaambia wapite mbali. Huku ni miamba." Walicheka mpaka ngazi ikatetemeka. Mimi pia nilicheka, mais kicheko hakikudumu.

Kule juu kabisa simu ikalia. Ni Kahindo, mudogo wangu. Akasema umefunga panga ndani ya kitunga, unarudi shamba kule Oicha kuvuna kakao. Shamba lile lile ulikimbia vita, na kiatu kimoja. Nikaomba akupatie simu, nikakusihi, na wewe ukanijibu: "Kakao inaoza ku muti. Wewe uangalie maji yako." Ukakata.

Nilikaa chini pale pale, bahari yote mbele yangu na sikuona kitu. Papa Kakule, shemasi wetu, akaja karibu, akauliza unaishi kwa nani. Nikajivuna: nilipanga yote kwa simu, Mama iko vizuri kwa Kahindo, nyumba ya matofali, bwana yake ni mutu wa Mungu. Akanitazama kama vile nimetukana.

"Kasereka, ulimulaza mama yako chini ya paa moja na mukwe wake?"

"Ni vita, Papa."

"Vita ilimaliza haya yake? Si kakao inamuita. Ni ile nyumba inamufukuza."

Ndipo nikakumbuka mambo Kahindo aliniambia zamani na mimi nikacheka. Kwamba unakula chakula jikoni, uso ku ukuta. Kwamba mukwe akikohoa salon, chumba cha wageni, wewe unatokea mulango wa nyuma, hata mvua inyeshe. Kwamba unangoja aende kazini ndipo uoge. Nilisema ni mambo ya kizamani. Mimi mwenye kutembea dunia, nikasahau kitu kila mutoto wa Munande anajua: mama na mukwe wake hawaonani uso, hawalali nyumba moja. Na wewe ungelalamika namna gani, juu ya mukwe asiyekukosea kitu? Unisamehe, Mama.

Sasa nitubu na ya pili. Muhindo, yule motari wako mwenye kukubeba, alikuambia moto yake, ile pikipiki, ilikufa. Haikufa. Mimi nilimupigia nikiwa bado kule juu, nikamuomba akudanganye. Usimukasirikie, hata sasa anazunguka nyuma ya soko ili usimuone. Mais uongo ule hautadumu, motari ni wengi, na adui haulizi mutu kama amekuja kuvuna tu.

Donc basi, nilizungumuza na shangazi Masika. Pale kwake Butembo iko na chumba nyuma, mulango wake, jiko lake, na hakuna mukwe hata mumoja. Ni mujane kama wewe, mutasumbuana vizuri. Kakao iache ioze. Najua ni marehemu Papa aliipanda muti kwa muti, najua unaona kama unamuacha yeye. Nikikuja tutaililia pamoja.

Dereva wa kamyo atamupa Kahindo barua hii, naye atakusomea. Siku hiyo Muhindo atakuwa mulangoni na moto muzima. Atakupeleka kule utamuonyesha, kwa shangazi ama Oicha. Nilimuambia hivyo, maana sitaki tena kukudanganya, ingawa naogopa sana.

Salamu kwa Kahindo. Salamu kwa bwana yake, batoto bamupelekee, bamuambie hakukosa kitu. Salamu kwa pasta aliyenibatiza, na kwa mama jirani muuza sombe, yale majani ya muhogo, mudomo wake ukiwa bado unafanya kazi.

Ukifika kwa shangazi, hata usiongee. Unibipu mara moja tu, ukate, nitajua. Simu iko mukononi, hata nikioga.

Mutoto wako wa tatu,
Kasereka