Chokaa Iliyozidi

Aitutaki,
9 Novemba 1987

Mpendwa mpwa wangu Akaiti,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Hujambo wewe? Na mwanao Tere, kikohozi kimemwacha? Sisi tu wazima, ila goti langu siku hizi linatabiri mvua kuliko redio.

Asante kwa barua ya hesabu. Shemasi Mouauri aliisoma mbele ya kanisa zima, akitamba utadhani amekuzaa yeye. Ndiye aliyekuuliza: tukitaka tani moja ya chokaa ya kupaka kanisa, tuchome matumbawe kiasi gani? Ukajibu kwamba kilo mia za matumbawe hutoa kilo hamsini na sita tu, zinazobaki hupotelea hewani, kwa hiyo tukusanye karibu kilo elfu moja na mia nane.

Hukukosea, mwanangu. Lakini wewe ulihesabu chokaa kavu, ile inayotoka tanurini. Sisi huku tukisema chokaa, ni ile iliyokwisha kumwagiwa maji, ikavimba, ikawa uji wa kupaka. Neno moja, vitu viwili, na hakuna aliyeuliza.

Kwa tani ya uji huo kilo mia saba zingetosha. Na matumbawe mafu tuliyookota ufukweni yalifika mia nane! Nikasema tuanze na hayo, tuone.

"Wee Tutavake, unaogopa maji au unaogopa kazi?" Mouauri akanicheka. "Kwa hesabu ya mtoto bado kilo elfu moja. Tusimwaibishe."

Basi tukaingia majini na mitaimbo. Tulivunja lile tumbawe kubwa la mbele ya nyumba yenu, pale marehemu dada yangu alipokufundisha kuogelea, na ambapo umeandika utamleta Tere Krismasi hii awaone samaki wa buluu. Samaki hawapo tena. Nimesikitika mno, Akaiti, na sioni haya kusema nililia.

Kanisa linang'aa, hilo siwezi kulikana. Chokaa iliyozidi imejaza mashimo mawili na hakuna anayeitaka.

Mouauri haji tena kwangu kunywa chai. Jumapili alinivuta pembeni baada ya ibada. "Hebu muulize mtoto," akasema. "Chokaa ikikaa hewani si inarudi kuwa jiwe? Sasa tukiirudisha pale pale, si litakuwa tumbawe tena?" Amekwisha kuazima mtumbwi wa kuibebea.

Shangazi yako Kura na Bibi Upokoina wanakusalimu sana. Bibi anamsukia Tere kofia. Mouauri hakutuma salamu, ametuma swali hilo tu. Jibu lake nalijua, kwamba jiwe halirudishi uhai, lakini nikimtazama usoni mdomo unakataa. Mwandikie wewe, mwanangu, upesi kabla hajapakia, na uanze kwa kumwambia kwamba hakukuaibisha.

Mungu awafunike wewe na mtoto, awalete salama.

Mjomba wako akupendaye siku zote,
Tutavake