Breki za Oswadi

Jumatatu, 2 Juni
Nimeosha pikipiki tena. Mume wangu Oswadi akirudi kutoka Chala kununua maharage hujitupa kitandani, vumbi linanisubiri mimi. Baridi ya kukata vidole.

Pikipiki imechoka. Tuliinunua mwaka tuliofunga ndoa. Cheni imelegea, shokapu zinavuja, kiti kimechanika nikakishona. Sasa breki za nyuma zinasaga chuma. Safari za Chala zimezidi.

Jumatano, 4 Juni
Nimeipeleka kwa mdogo wangu Kasto, fundi wa hapa hapa Milanzi. Kafungua gurudumu. Breki zimeungua, nyeusi tii. Akaniuliza akiwa ameinama, "Dada, shemeji anashuka sana bondeni siku hizi?"

Nikasema Chala tu. Akarudishia gurudumu na breki zile zile, bila kunitazama.

Najua alichokwepa kusema. Wanaume wetu wakiteremka bonde la Rukwa huzima injini kuokoa petroli, wanaiachia pikipiki ijishukie, mguu juu ya breki mpaka karibu na Kaoze, kijiji cha kule chini. Ndivyo zinavyoungua. Njia ya Chala ni lami, haina mteremko wa namna hiyo.

Mwongo.

Alhamisi, 5 Juni
Nimeichunguza tena peke yangu. Kikanyagio cha abiria, upande wa kushoto, raba imelika mpaka chuma kinaonekana. Cha kulia kizima kabisa. Mimi hukaa miguu huku na huku. Kuna mtu anakaa upande, kwa madaha, kanga imembana magoti. Juu ya kiti nilichoshona mimi.

Sijala.

Jumamosi, 7 Juni
Oswadi kasema kesho baada ya misa anakwenda Chala. Kasto alinituma nimwambie asithubutu kushuka popote na breki zile. Sikumwambia.

Wivu umenikaba. Mchana nimewawazia wote wawili mlimani, kwenye kona kali, pikipiki haishiki, na yeye kakaa upande. Nikafurahi. Kisha nikaiogopa ile furaha, nikashindwa hata kuchambua mboga.

Jioni nimeisukuma hadi kwa Kasto, akafunga mpya. Nikaijaribu mwenyewe mpaka kanisani na kurudi. Zinashika.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya misa nilimwambia Oswadi, "Nimekufungia breki mpya. Zile ziliisha kwa kushuka Kaoze."

Alikuwa ameshika ufunguo. Akautazama. Hakukana, wala hakuuliza nani kasema. Akavaa koti taratibu. Nilidhani atarudi ndani. Akawasha, akakata njia ya bondeni.

Namchukia yule mwanamke. Leo kaletewa mume salama, na aliyemfikisha ni mimi.

Nimepepeta ulezi mpaka jua limezama.

Wakati wa chakula mama mkwe, anayeishi nasi, kauliza mbona sahani ya mwanawe haipo. Nikamwambia atakula huko huko.

Hakuuliza wapi. Tumekula, kisha nimeosha sahani mbili.