Sufuria Yetu Imeajiriwa Chuo Kikuu

Ghorofa ya nne, mlango wa mwisho,
Nyuma ya Chuo Kikuu.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Binamu, mlinzi wa kiti changu,

Najua barua za waliosoma huanza na salamu, lakini mimi shule niliiacha darasa la sita, na bahati nayo haina subira. Kaa chini kwanza. Umekaa? Nimefungua saluni! Sisemi kibanda, Binamu, nasema saluni, mkabala na lango kuu la Chuo Kikuu. Viti vitatu vya kuzunguka, vioo toka sakafuni hadi darini, na vijana wawili wananifanyia kazi huku mimi nimekunja nne. Wahadhiri wanapanga foleni. Jana nimemnyoa profesa ambaye ndevu zake peke yake zingejaza gunia, na aliponyanyuka mkewe alimpita mlangoni bila kumtambua. Kwa hiyo yule kinyozi, shemeji wa fundi viatu, anayekitolea macho kiti changu cha kunyolea hapo barazani kwako, ambaye umesema mwisho wa mwezi usipopata jibu langu utampa, basi usihangaike. Mwenye viti vitatu atalilia kimoja chenye mguu uliofungwa waya? Tutalimaliza hilo mwisho wa barua.

Haya, sasa salamu. Hujambo wewe? Watoto hawajambo? Goti lako bado linatabiri mvua? Shemeji yangu, mkeo, bado anakuvumilia, au amepata akili? Nauliza kwa mapenzi. Mimi ni mzima kama kigingi. Mdogo wangu, Chiriku wetu, naye mzima, anakusalimu sana. Kusema kweli hajasema neno, yuko chumbani anasahihisha mitihani, lakini angejua nakuandikia angesema.

Umeniuliza kazi yake hasa ni ipi, maana huko kila mtu anajua tu kwamba ni "daktari asiyetibu". Nitakueleza mimi mtaalamu. Anafundisha kemia. Kemia ni upishi, Binamu, upishi mtupu: unapima, unachanganya, unachemsha, unasubiri rangi igeuke. Tofauti ni moja tu, huruhusiwi kuonja. Asubuhi anafundisha kwenye ukumbi mkubwa, mchana yuko maabara na wanafunzi, jioni anarudi na mkoba umejaa karatasi, anakaa mezani na kalamu nyekundu mpaka chai yake inaota ngozi juu. Viatu vya maabara havivuki mlango wa nyumba hii. Koti jeupe huliachia kulekule kazini. Jikoni kila chupa ina karatasi ya jina na tarehe, hata chumvi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, chumvi tunaifahamu, haihitaji kitambulisho." Akasema, "Kaka, siku utakayojiamini kwamba unaijua chupa kwa kuiangalia, ndiyo siku utakayoungua." Nikairudisha chumvi mahali pake, jina likitazama mbele. Mimi, Binamu!

Siku moja nilikwenda kumsikiliza akifundisha. Nilivaa suti yangu ya harusi yako, ile uliyosema nimekupita bwana harusi, nikakaa nyuma kabisa. Ukumbi umejengwa kwa ngazi, anayefundisha yuko chini shimoni, wanafunzi wako juu wanamtazama kama watu waliopanda ukutani kuangalia mpira. Nilipotupa jicho mbele yangu, moyo ukaruka. Vichwa! Mamia ya vichwa, vyote visogo vimenigeukia, vingine vichaka, vingine vimenyolewa na adui. Mikono ilinipanda washawasha. Nikasema moyoni, kama ningekuwa na mashine na kiti tu, hapa ningezeeka nikicheka.

Chiriku aliingia, akaanza kuandika ubaoni. Unamkumbuka alivyokuwa mdogo? Alikuwa akikaa kwenye kibao kando ya kiti changu, anapayuka na kila mteja, mpaka wateja wengine wakawa wanakuja kwa ajili yake na nywele wanasingizia. Basi huyohuyo aliongea saa nzima pale, na hakuna mtu aliyemjibu. Wamelala nusu, nusu wana simu chini ya meza. Katikati akatoa kichekesho, kuhusu gesi moja inayokataa kuchanganyika na wenzake kwa sababu inajiona imetimia. Ukumbi kimya. Nikacheka mimi peke yangu, unalijua cheko langu, lile la kufukuza kunguru. Vichwa vyote vikageuka. Chiriku akanitazama, chaki ikasimama hewani, akapotea alipokuwa amefika. Mwishoni alipouliza kama kuna swali, mkono mmoja tu uliinuka: "Daktari, hii itatoka kwenye mtihani?"

Tukiwa tunatoka, binti mmoja aliniuliza kwa adabu, "Samahani mzee, wewe ni mkaguzi?" Nikamjibu, "Ndiyo, nakagua visogo." Alikimbia.

Sasa nikupe habari ya sufuria, lakini usimwambie Shangazi, maana ni ile yake aliyonifungia safari, yenye mfuniko uliobonyea. Niliona mdogo wangu anashinda na mkate mkavu. Nikasema, haiwezekani, mimi niliyemlea tangu wazazi wetu waondoke, nikae nyumbani nakula nyama naye anatafuna mkate! Nikapika mchuzi mzito, nikaubeba mpaka maabara. Bawabu akanipisha nilipotaja jina lake. Ndani sikumkuta, alikuwa kwenye mkutano. Nikaona friji kubwa nyeupe, safi kuliko ya hoteli. Nikasogeza vichupa vilivyokuwa humo, nikaweka sufuria yangu katikati kama bibi harusi, nikakaa kwenye kigoda kumngoja.

Kumbe, Binamu, nimeweka mchuzi kwenye friji ya sampuli. Vichupa vile ni kazi za wanafunzi, vingine vina vitu ambavyo hata kuvinusa ni kesi. Na sheria ya kwanza ya maabara, ile ambayo yeye mwenyewe huwasomea wanafunzi wapya kabla hawajagusa hata kijiti cha kiberiti, ni kwamba chakula hakiingii humo, na kikiingia hakitoki tena kuwa chakula. Hata kama kimefunikwa, hata kama kimekaa kidogo.

Aliporudi, wanafunzi nyuma yake, nikafungua friji kwa madaha: "Karibu chakula, Daktari!" Rangi ilimtoka. Akavaa glavu, akavaa miwani, akaitoa sufuria kama mtu anayetoa nyoka chumbani, akaumimina mchuzi wote kwenye pipa la sumu. Wote, pamoja na ile mifupa ya uboho. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Huyu ni nani, Daktari?" Nilitamani ardhi ipasuke. Angeweza kusema ni mtu wa usafi, ni mpita njia, na mimi ningemsaidia kwa kuondoka haraka. Akavua miwani kwanza. Akasema, "Ni kaka yangu. Yeye ndiye aliyenilea." Kisha akanisogelea, sauti chini: "Nisamehe, Kaka. Humu hata hewa hatuiamini."

Sufuria haikurudi. Wameiandika kwa rangi nyekundu ubavuni, SI YA CHAKULA, na sasa inachemshia maji ya kupashia vichupa vya wanafunzi. Kwa hiyo ukisikia huko wanasema ukoo wetu una mtu mmoja tu Chuo Kikuu, wasahihishe. Tuna wawili. Sufuria imepata kazi pale kabla yangu.

Mkuu wa idara alimwita mdogo wangu na kumkanya, na bawabu akaambiwa mimi nisipite tena. Bawabu ni mtu mwema, alinieleza huku anaangalia viatu vyake. Kwa hiyo siku hizi mchana hukaa kwenye benchi lililo nje ya lango. Hapo wanapita watu wengi mno, lakini hapa watu hawasalimiani njiani, Binamu. Si kiburi, ndivyo walivyo, kila mtu ana haraka yake. Nikisema "habari za mchana", wengine huangalia nyuma kuona namsalimu nani. Kuna siku nilifika nyumbani, nikafungua mdomo kumwambia paka wa jirani asogee, nikagundua hiyo ndiyo sauti yangu ya kwanza tangu asubuhi. Ilitoka imekwaruza kama bawaba.

Lakini usinihurumie, mwenye saluni hahurumiwi.

Jumapili iliyopita Chiriku aliniangalia wakati wa chai, akasema, "Kaka, nywele zako zimekuwaje?" Nikamwambia kinyozi hajinyoi. Wale vijana wangu wawili, unaelewa, walikuwa wamebanwa na kazi. Hakubisha. Alileta kiti cha jikoni, akatandika magazeti, akanifunga shuka shingoni, akaiomba mashine yangu, ile niliyokuja nayo kutoka huko. Nikamwonyesha namna ya kuishika. "Anzia nyuma, panda polepole, usibonyeze."

"Nyamaza, Kaka. Usitikisike."

Alininyoa kama anavyofanya kazi zake zote, hakuna papara, anapima kwa jicho, anarudi nyuma hatua, anapima tena. Tangu nifike hapa hakuna mkono uliokuwa umenigusa kichwa. Hata bega. Wewe unashinda unasukumana na watu hapo sokoni, hutajua ninasema nini. Nilifumba macho nikajifanya kuna unywele umeniingia jichoni.

"Una mvi kisogoni," akasema.

"Ni vumbi la chaki yako."

Mashine ikanyamaza. Akauliza, "Huko ulikuwa unaongea na watu wangapi kwa siku?"

"Wote."

"Na hapa?"

"Naongea na wewe."

"Mimi narudi nimekwisha kuongea, Kaka. Nikifika mlangoni maneno yamebaki kulekule ukumbini, na kule nako hakuna aliyeyaokota." Akapangusa shingo yangu kwa kitambaa. "Nilikuita uje kwa sababu nyumba hii ilikuwa kimya. Sasa tuko wawili, na bado ni kimya."

Nikamwuliza, mimi nisipokuwepo, nani atamfungulia mlango jioni? Nani atakayemkumbusha chai?

Akaja akachuchumaa mbele yangu, magazeti yote yamejaa nywele zangu, akasema, "Ulipokuwa huko ulinipigia simu kila Jumamosi. Ulinisimulia aliyekaa kwenye kiti, aliyekimbia na nusu ya ndevu, aliyelia, aliyeposa akiwa na sabuni usoni. Nilikuwa nacheka peke yangu ofisini mpaka mwenzangu anagonga ukuta. Tangu uje hujanisimulia mtu hata mmoja."

Kisha akasimama, akaendelea upande wa kulia. Ameniacha na ngazi pale juu ya sikio, kama zile za ukumbi wake. Mteja wangu ningemnyoa hivyo, ningeokoa maisha yangu kwa kukimbia. Lakini sijairekebisha. Kila nikipita kwenye kioo naiangalia.

Alipomaliza kufagia akasema tu, "Mwandikie Binamu kuhusu kiti." Hakusema niandike nini. Nimekaa na kalamu wiki nzima kabla ya kukuandikia leo, na hata leo, umeona mwenyewe nilivyoanza.

Nisalimie Shangazi, mwambie sufuria iko salama na inaheshimika, usiende zaidi ya hapo. Nisalimie fundi viatu, na shemeji yake pia, sina ubaya naye, mwambie mikono yake ni mizuri lakini anakata nywele za panki kama anafyeka shamba. Wabusu watoto, yule mdogo mwambie ami yake bado anaweza kutikisa masikio bila mikono. Mkeo mpe pole yake ya kila siku. Nawe Mungu akulinde wewe na hilo goti, akuwekee watu wa kuongea nao kila asubuhi kabla hujamaliza kuvaa viatu, maana hiyo ni neema ambayo mtu haijui mpaka aikose.

Ni mimi nikupendaye hata unapokosea,

Wembe

Binamu, hakuna saluni. Hakuna vioo, hakuna vijana wawili, hakuna profesa wala ndevu zake. Tangu nifike hapa sijanyoa kichwa hata kimoja. Kiti changu usimpe mtu.