Ambreyaji Nyepesi Uliyoichagua Kampala

Mama yangu, wewe mama wa mwendo,

Watu wa mji wa Beni wametuma habari: Jumapili tushindane tena! Vita haijaisha, lakini njia imefunguka kidogo, na vijana wamekumbuka magari yao. Tangu nisikie, sikai chini. Naosha gari ambayo ni safi, nafungua kapo ya injini, nafunga kapo, mpaka dada yangu Kavira ananifokea, "Kahindo, we mutu gani? Utakula saa ngapi?" Nilitaka wewe usikie kwanza. Umelala kaburini pale Vuhovi tangu mwaka jana, lakini habari ya gari sijawahi kumpa mutu mwingine kabla yako, na sitaanza leo.

Unakumbuka lile duka la vipuri Kampala? Wewe ulienda kutafuta mabalo, marobota ya mitumba yako, mimi nikakuvuta mpaka pale kwa sababu ambreyaji, ile sahani ya klachi ya gari yetu, ilikuwa imekwisha. Muuzaji akaweka mbili mezani. Moja ya kawaida, nzito, imevaa gamba nene duara nzima. Ya pili ya magari ya mashindano, nyembamba, imekatwakatwa, vipande vya chuma tu pembeni. Hiyo inaacha injini ipande mbio mara moja, lakini katikati haina: ama imeshika, ama imeachia.

"Tuchukue nzito," nikasema. "Gari ni moja, Mama. Jumapili inashindana, Jumatatu inabeba abiria, batu ba Beni. Ku mupando, pale kilimani, hii nyepesi itatupatisha haya."

Uliziinua zote mbili, moja mukono huu, moja mukono ule, kama unavyopima maharagwe sokoni Bulengera. Macho yakakuwaka! Mama mzima, mama wa kwaya, rozari shingoni.

"Mutu anashindana mbio na mutungi ku kichwa? Donc basi, gari nayo tuitue mzigo."

Tukalipia ile nyepesi. Kusema kweli nilikuwa naitamani kuliko wewe.

Na Jumapili ile! Baada ya misa Butembo yetu nzima ilikuwa pembeni ya uwanja wa ndege, na Muhindo wa Beni amefika na gari yake inang'aa, anacheka kwamba anashindana na binti wa muuza mitumba. Ulikataa kusimama na wamama wenzako. Ukaketi karibu yangu, ukafunga kitenge mara mbili. Nilipoachia muguu, Mungu wangu, gari iliruka! Unapiga dashibodi, unapiga goti langu, "Kanyaga! Kanyaga, mwanangu!" Muhindo hakuona kitu isipokuwa vumbi letu. Sijawahi kukuona mwenye furaha vile, hata siku ya ndoa ya Kavira.

Asubuhi yake ikaja ile habari. Mapigano yanashuka kuelekea Mbau, na Kavira yuko kule kwa bwana yake, mimba imefika mwisho, hawezi kutembea. Gari zote za kukodi zilikataa. Ilibaki yetu, na ambreyaji yake ya mashindano.

Kwenda tulienda vizuri. Kurudi, Kavira amelala kiti cha nyuma anauma kitambaa, tukakuta bariyeri ya waaskari, kamba imevutwa katikati ya mupando. Sasa unajua desturi yetu sisi mashofa, madereva wa huku. Ku bariyeri hatuzimi injini, maana gari iliyozimwa waaskari wanaanza kuipakia vyombo vyao. Breki ya mukono nani anayo? Tunaishikilia gari kwa ambreyaji, muguu nusu. Nikafanya vile bila kufikiri. Yetu haijue nusu! Ikaruka karibu ikate kamba.

"Telema! Simama!" Bunduki zikainuka zote. Nikakanyaga tena, gari ikaanza kurudi nyuma, Kavira analia; nikaachia, injini ikazimika. Nikasema basi, tumekwisha.

Wewe ulikuwa umeshatoka. Ukaokota jiwe, ukaliweka nyuma ya gurudumu, ukanyooka mbele ya zile bunduki, mikono kiunoni.

"Banangu, hapana kupiga! Hii gari ni ya mashindano, haijue kungoja. Na huyu wa nyuma naye hajue kungoja. Mukuje musukume!"

Na walisukuma, Mama! Waaskari, bunduki mugongoni, wanasukuma gari yetu ipite bariyeri yao wenyewe, mukubwa wao anawahimiza kwa Kilingala! Nikawasha, nikaachia muguu mara moja, ikashika, tukapanda. Wewe uliruka ndani mulango ukiwa wazi, kiatu kimoja kimebaki barabarani. Kavira alizaa tulipofika mjini Beni, jioni ile ile. Kila nikikumbuka nacheka mpaka nalia.

Fundi ananishauri niweke ile nzito, nipumzike. Nimemukatalia. Muguu wangu umeshaizoea hii, na mupando ule naondoka gari imejaa bila abiria hata mumoja kutikisika. Ungeona! Kavira naye, yule muoga wako, ameomba akae kwa kiti chako Jumapili. Mutoto atabaki na baba yake. Nimemukubalia, maana ni nani mwingine ana haki ya kukaa pale?

Nina furaha kupita kiasi. Muhindo simwogopi. Kushindwa siogopi. Naogopa kushinda, Mama, halafu nigeuke nikushike mukono, nikute si wewe.

Ubaki na amani ya Mungu huko Vuhovi.

Binti yako na shofa wako,
Kahindo