Baharia Aliyepiga Hodi

Dada yangu mpendwa,

Sisi hatujambo. Kitindamimba wangu ameanza kutambaa, na kila anachookota kinaenda mdomoni. Jana tumemnyang'anya kifungo cha shati la shemeji yako. Mimi hadi juzi nilikuwa kule jeshini, kwenye kile chumba chenye baridi, nikiendesha boti za kivita zisizo na mtu kwa kutazama skrini.

Dada, mwenzio yamenikuta. Juzi meli yetu ilizamishwa. Nikatuma boti iliyojaa mabomu ikajilipue kwenye meli ya adui. Njiani baharia wetu mmoja, aliyenusurika, akaifuata kwa kuogelea na kuipanda. Akagonga mfuniko kwa ngumi.

"Hodi! Jamani, nifungulieni!"

Nilimsikia vizuri kupitia maikrofoni ya boti, ila boti haina spika ya kumjibu.

"Endelea," mkubwa wangu akasema.

"Afande, kuna mtu wetu juu!"

"Nimemwona. Endelea."

Nikaigeuza, nikairudisha polepole mpaka gatini. Nimesimamishwa kazi; mama asijue.

Wenzangu wanasema yule baharia alipofika alikataa katakata kushuka kabla ya kuwashukuru waliomo ndani. Ikabidi wamfungulie ajionee. Akachungulia, akakuta mabomu na nyaya tu. Akawageukia, macho yamemtoka.

"Sasa nani amenileta?"

Hakuna aliyeruhusiwa kumjibu.

Wabusu watoto.

Ni mimi mdogo wako.